Kabla ya Kununua Kipuri Kingine

Siku moja bado iko hai kichwani mwangu, mwanangu, ingawa nyingine nyingi zimekwisha kunitoka. Ilikuwa Jumapili ya kiangazi, baada ya misa, hapa hapa Kolwezi. Mama yangu alikuwa ameketi kwenye kigoda mbele ya gari lililofunguliwa boneti, bado amevaa kitambaa chake cha kanisani, naye hakuwa amewahi kushika usukani maishani mwake. Nitakufikisha hapo. Niache tu niende polepole, maana ulimi wa mzee hutembea kama miguu yake.

Nakuandikia kwa sababu juzi nilikuona ukipita na boksi jingine la kipuri kwapani. Sikukuita. Nilichoka kukuita, Mungu anisamehe. Kila nikitoka mlangoni naona gari limelala mbele ya nyumba ya mtu, ndani yake vipuri vipya vinang'aa, na ugonjwa uko palepale. Vijana wanatoa hiki, wanatia kile, wanangoja mzigo kutoka Lubumbashi, kisha wanasema gari limelogwa. Halikulogwa, mwanangu. Halikuulizwa.

Kaka yangu mkubwa, yaya Ilunga, alikuwa na pikapu moja ya zamani aliyobebea makala, yaani makaa, na unga wa muhogo. Baba yetu alikuwa amekwisha kufariki, na gari lile ndilo lililotulisha. Mama alikuwa mzaliwa wa Sandoa. Huko alibaki kaka yake, yaani mjomba wetu, ambaye sisi huku twamwita yomba. Yomba na Mama walikuwa hawasemezani tangu Mama alipoolewa na Baba, mtu wa kabila jingine, bila baraka ya kaka yake. Sisi watoto tulikua bila kumjua. Kwao, ugomvi wa namna hiyo haumalizwi kwa kutuma mtu. Mwenye kusamehe na mwenye kusamehewa hukaa kwenye mkeka mmoja, na neno hutoka katika kinywa cha mmoja likaingia sikioni mwa mwenzake.

Basi ikafika habari kwa foni, ile redio ya misheni: yomba yuko taabani, hawezi tena kuinuka, na anamwita dada yake kwa jina, asubuhi na jioni.

Mama hakulia. Alifungua sanduku lake, akatoa vitenge alivyokuwa akiviweka kwa ajili ya safari ambayo kila mwaka alisema ataifanya, akavikunja upya. Treni ya upande wa Dilolo hakuna aliyejua itaondoka lini. Kupanda juu ya mizigo ya lori la wachuuzi hakuweza, magoti yake yalikuwa mabovu. Lilibaki gari la Ilunga. Ilunga akaingia, akazungusha ufunguo. Gari likakoroma kidogo, taa zikafifia, kimya.

“Ni batri,” akasema.

Akaleta batri mpya. Gari likawaka, tukapiga vigelegele, na kesho yake alfajiri, mizigo imekwisha kufungwa, likakataa tena. Batri ya zamani, ambayo haikuwa na kosa lolote, alikuwa amekwisha kuiacha kwa aliyemuuzia mpya.

“Basi ni demarere,” akasema. Demarere ndicho kile chombo kinachoizungusha injini ili iamke. Hapa mjini ya gari lile haikupatikana, ikaagizwa Lubumbashi. Siku zikaenda. Mama aliuza vitenge vyake kimoja baada ya kingine ili demarere ije, na kila jioni alitembea kwa magoti yale mpaka misheni kuuliza kama kuna habari. Habari ilikuwa ileile: anakuita.

Demarere ikaja, ikafungwa. Ilunga alipokuwa akijaribu kuwasha, mimi nilisimama karibu na injini, nikaona moshi mwembamba unatoka kwenye ile kamba ya chuma inayovutwa na kanyagio cha mafuta. Nikamwambia.

“We, toka hapo!” akanijibu. “Kamba ya aksilerere ikuwe na moto? Moto ya wapi? Enda ukaangalie bukari yako mu jiko, njo kule kunatokaka moshi!”

Marafiki zake wakacheka. Nikaenda. Bukari ni ugali, na kweli ulikuwa unaungua.

Ndipo ikaja Jumapili ile. Tuliporudi kutoka misa, Ilunga alikuwa anavaa koti aende kutafuta alternatere, ile inayochaji batri. Mama akaweka kigoda chake mbele ya gari, akakaa.

“Ilunga. Motoka iko inagonjwa nini?”

“Mama, sasa ni alternatere. Batri tulibadilisha, demarere tulibadilisha. Inabakia ile tu.”

“Mi siulize inabakia nini. Nauliza inagonjwa nini.”

Ilunga akatabasamu. “Mama, uko mekanisie tangu lini?”

“Tangu leo asubui. Padri amesema ‘Mwende na amani.’ Batu bote bameenda. Mi tu njo niko hapa.”

Tabasamu la Ilunga likaisha. Akakaa juu ya tairi la akiba.

“Mutoto akigonjwa,” Mama akaendelea, “pa dispansere banaanzaka na sindano?”

“Hapana. Banauliza kwanza.”

“Banauliza nini?”

“Ilianza lini.”

“Basi. Ilianza lini?”

Kaka yangu akageuka kuitazama injini. Naamini lilikuwa swali la kwanza alilojiuliza tangu gari liharibike. Akasema, “Ilianza... kisha ya ile kazi ya ambreyaje.” Ambreyaje ndiyo klachi. Alikuwa ameishusha mwenyewe nyumbani pamoja na rafiki zake, akairudisha.

“Mbele ya pale ilikuwa inawaka?”

“Ilikuwa inawaka muzuri.”

“Na bitu bya ndani, byote ulirudisha?”

Hapo Ilunga akashika kichwa. “Kulikuwa ka waya kamoja ka shaba, kamesukwa kama nywele. Kalikuwa kameoza, kijani kabisa. Nikakatupa mu mufuko.”

Mwanangu, huo mfuko wewe hukuukuta. Wakati ule kila nyumba hapa ilikuwa na mfuko wake nyuma ya jiko, wa mitraye, yaani vyuma chakavu, na zaidi ya vyote shaba. Ukiokota waya, mfukoni. Ukikuta birika bovu, mfukoni. Mfuko ukijaa, unauzwa. Mkono wa mtu wa Kolwezi ukigusa shaba iliyochakaa haungoji kuagizwa. Sisi tunalala juu ya shaba, tunaivuta puani na vumbi, na kijana wa nyumba yetu aliona kipande kimoja chake ndani ya gari akadhani ni uchafu wa kuuza.

“Na pa fasi yake ulitia nini?” Mama akauliza.

“Nilifunga waya ya chuma.”

Mama akanigeukia mimi, binti yake. “Na weye, mama, uliona nini juzi?”

Nikaeleza habari ya moshi. Safari hii hakuna aliyecheka. Ilunga akaenda kuigusa ile kamba ya kanyagio baada ya kuzungusha ufunguo, akaondoa mkono haraka. Ilikuwa ya moto.

Nikueleze, ili usiondoke na hadithi tupu. Umeme hutoka kwenye batri, hufanya kazi yake, kisha lazima urudi nyumbani. Injini imekalia mipira, kwa hiyo haigusi bodi sawasawa. Ule waya uliosukwa ndio njia ya umeme kurudi kutoka injini hadi bodi na batri. Mafundi huuita waya wa masi. Ukiukata, au ukaweka badala yake uzi wa chuma unaoshika kutu, umeme unatafuta njia ya panya. Ulipita kwenye kamba ya kanyagio, nayo ikaungua. Batri mpya ilikuwa na nguvu za kusukuma mara moja mbili, ikashindwa. Demarere ingekuwa ya dhahabu, ingeshindwa vilevile.

Ilunga akachukua kebo ya kuazimishana umeme, upande mmoja akabana kwenye kichwa hasi cha batri, kile chenye alama ya kutoa, upande wa pili kwenye chuma kitupu cha injini. Akazungusha ufunguo. Gari likawaka kabla hajamaliza kuvuta pumzi. Mama alifanya ishara ya msalaba. Jirani mmoja fundi wa kuchomelea akatupatia kipande cha kebo nene ya mashine yake, tukakifunga vizuri kwa bolti, na Jumatatu alfajiri tukaondoka.

Njia ya Sandoa ni mchanga na ni mbali. Tulilala Kasaji. Gari halikukataa hata mara moja, na kila lilipowaka Ilunga alikaza uso kama mtu anayepigwa.

Tulimkuta yomba yu hai. Lakini ulimi wake ulikuwa umefungwa tangu juzi yake. Mke wake alituambia kwamba mpaka Jumamosi alikuwa bado anaita jina la Mama, na kwamba alikuwa na neno. Mama akaketi mkekani, akachukua mkono wake, akasema yake yote, kwa Kilunda, kwa sauti ndogo. Yomba alimtazama. Chozi moja lilimtoka, au lilikuwa jicho tu la mgonjwa, sijui. Neno lake hakulitoa. Wiki ile hatukuimaliza kabla ya kumzika.

Mama hakumlaumu Ilunga, si njiani, si baadaye, mpaka Mungu alipomchukua naye. Nilipomuuliza kama alisamehewa, alisema, “Mungu anasikiaka na bale habasemi.” Nami nashukuru kwamba alikuwa na imani ya kutosha kusema hivyo. Lakini nilikuwa binti yake, nililala naye chumba kimoja, na najua kwamba neno lile alilingoja masikioni mpaka mwisho. Maji yakimwagika hayazoleki.

Mwanangu, mimi si fundi, ila nimeendesha gari langu mwenyewe tangu siku zile, kwenda shuleni kufundisha dini na kurudi, na niliapa kwamba sitabadilisha kitu kabla ya kuuliza. Kuuliza si ujinga. Gari likikataa, usikimbilie duka. Jiulize lilianza lini, na nani aliligusa kabla ya hapo. Linakataa likiwa baridi, au likiwa limechoka, au baada ya mvua? Washa taa za mbele, kisha zungusha ufunguo: zikififia sana, batri ni dhaifu au njia ya umeme imeziba mahali, zikibaki zinang'aa na injini imenyamaza, hapo ndipo utazame demarere na nyaya zake. Fungua vichwa vya batri, osha ule unga mweupe na wa kijani kwa maji moto, ukwangue, ukaze. Jaribu ile kebo kutoka kichwa hasi cha batri hadi injini, na uiweke mbali na feni na mikanda. Ni mambo ya uani kwako, hayahitaji boksi.

Gari likikosa nguvu kupanda kilima, kabla ya kulaumu pampu ya mafuta toa chujio la hewa ulipige-pige chini. Wewe unapita njia ya Mutoshi nyuma ya malori ya madini kila siku, unafikiri gari linavuta nini? Likichemka, ngoja lipoe kabisa ndipo ufungue rejeta, na utafute kwanza mpira uliopasuka. Hicho chombo chenu cha siku hizi cha kuchomeka chini ya usukani ili kisome ugonjwa wa gari ni kizuri, nami ninacho, mjukuu wangu alininunulia. Lakini namba kinayoandika inakutajia mtaa, haikutajii nyumba. Inaweza kulaumu kipuri kizima kumbe panya ametafuna waya wake. Ufuate waya kwa vidole mpaka mwisho.

Na ukibadilisha, badilisha kimoja, ujaribu, ndipo ufikirie cha pili. Cha zamani usikitoe nyumbani mpaka kipya kimethibitisha kwamba ndicho kilichokuwa kosa. Aliye karibu akikuambia ameona moshi, msikilize, hata kama anatoka jikoni. Breki na usukani usivichezee kama hujui, mpelekee anayejua, lakini mpelekee pamoja na maelezo, siyo kichwa kitupu. Tena ukiri ulichofanya kwa mikono yako mwenyewe. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Najua utasema, “Mama, kipuri ni kipuri, kikikosewa kinanunuliwa kingine.” Kweli. Kipuri kinarudi sokoni. Siku haina duka. Wakati wewe unangoja mzigo usiohitajika, kuna mtu mahali fulani amelala anatazama mlango, na pumzi zake hazikungoji.

Bwana akupe subira ya kutazama kabla ya kushika. Akupe mikono safi na moyo usioona haya kuulizwa. Alinde njia zako, za lami na za mchanga, na kila uendako akufikishe mapema, aliyekuita angali anaweza kulitamka jina lako. Amina.