Upande wa Wanaume

Nilikuwa nyuma ya duka nikimimina petroli kwenye jenereta niliposikia wanawake wakiimba. Waliimba mstari mmoja, wakanyamaza. Kimya kikakaa mahali ambapo wimbo ulipaswa kujibiwa. Wakaanza tena, wakanyamaza tena, kama watu wanaoita ndani ya nyumba iliyohamwa.

Niliingia nikifuta mikono. Mama mmoja alikuwa ameketi kwenye kiti cha wateja, macho yake kwenye spika.

Ilikuwa miaka ya vita vya mashariki. Sisi wa Kisangani tulivijua kwa maharage yaliyoadimika sokoni na kwa watu waliofika kutoka Kivu ya Kaskazini wakiwa na nguo walizovaa tu. Nilikuwa naandika riwaya yangu ya kwanza, na kwa kuwa riwaya hailishi mtu, nilifanya kazi kwa tonton, mdogo wa baba yangu, pale katika mtaa wa Mangobo. Kazi yetu ilikuwa kupunguza nyimbo. Watu walileta faili nzito, zile ambazo sauti yake haijakatwa kitu, na vichezeo vyao vidogo vya muziki havikuweza kuzisoma. Tulizigeuza ziwe MP3, nyepesi, zikaingia. Na kwa kuwa redio nyingi za mtaani zina spika moja, mafundi wote wa Mangobo walikuwa na mazoea: walichukua upande wa kushoto wa sauti, wakatupa wa kuume. Kwa muziki wa dansi hakuna aliyewahi kulalamika.

Mama huyu aliuza vitenge hadi barabara ilipofungwa na biashara ikafa. Alasiri hiyo alikuwa anapanda boti kwenda Isangi kwa dada yake, ambako hakujua mtu mwenye kompyuta. Alikuwa na flashi yenye misa moja iliyorekodiwa katika parokia yake ya kule Kivu, na kichezeo kidogo kama kiberiti.

"Papa," alimwuliza tonton, "wanaume beko wapi?"

Tonton akacheka. "Wanaume? Mama, wanaume wa leo uwatafute ku nganda, kwenye bia! Ku kanisa utawapata wapi?"

"Ule wangu hakukuwa wa nganda. Iko anaimba mule ndani. Walimuua."

Tonton akazima spika. "Pardon, mama. Pardon sana."

Nilimwuliza wanaume wa kwao huketi wapi kanisani. "Kuume," akasema, "karibu na mulango." Hapo nikaelewa. Padri wao alikuwa amerekodi kwa maikrofoni mbili, ya kushoto kwa wanawake, ya kuume kwa wanaume. Na sisi, kwa mazoea yetu, tulikuwa tumewatupa wanaume wote.

Flashi ilikuwa bado na misa nzima. Tonton akarudia kazi, akachanganya pande mbili kuwa moja. Mama akaweka visikilizio masikioni, akafumba macho, akatikisa kichwa.

"Tuko tunamufunika."

Alisema kweli. Kupunguza sauti hufanyika hivi: mashine husikiliza zilizo kubwa, kisha hutupa zile ndogo zilizo chini yake, ikiamini hakuna atakayezikosa. Wanawake walikuwa wengi.

"Weka ya wanaume tu," akasema.

"Na wewe, mama? Si ulikuwa unaimba?"

"Mimi niko hapa, papa. Sehemu yangu naijua."

Nikamwambia tungeweza kuweka pande zote mbili mbalimbali, ila kwa ubora mdogo zaidi ili zienee.

"Hapana," akasema. "Musimupunguze tena."

Tukafungua upande wa kuume. Sauti nzito ikajaa duka, ya mtu aliyesimama karibu na maikrofoni, pumzi yake ikisikika kabla ya kila neno. Mama hakulia. Alishika tu ukingo wa meza. Kuelekea katikati ya misa, nyuma ya sauti ile, kukatokea mipasuko mikavu, ya mbali.

Tonton alipenda kazi safi. Akapeleka mkono kwenye kipanya. "Iko makelele hapa, mama. Nakata?"

"Usikate!" Alikuwa amesimama. "Ni masasi, papa. Barabara iko upande ule. Sikia vile anapandisha sauti. Alipandisha ili siye wanawake tusisikie."

Nikarudisha upande wa kushoto, mahali palepale. Hapakuwa na risasi hata moja. Wanawake waliimba, mtoto alilia kidogo akabembelezwa.

"Ni siku hiyo ndiyo walimuua?" nikauliza.

"Hapana. Siku hiyo tulirudi nyumbani wote, tukakula. Walikuja kisha."

Tonton aliacha kipimo chetu cha kila siku, akapandisha ubora mpaka kichezeo kikajaa, hakikubaki na nafasi hata ya wimbo mmoja. Mstari wa buluu ukatambaa polepole kwenye skrini, jenereta ikikohoa nyuma, na wote watatu tukiomba isizimike.

Haikuzimika. Mama alichukua kichezeo, akavaa visikilizio, akabonyeza. Alisimama hapo mlangoni akisikiliza. Kisha midomo yake ikaanza kusogea bila sauti, ikatulia, ikasogea tena. Alikuwa anaimba sehemu yake.

Akatuinamia kidogo kutuaga, akatoka nje juani, akavuta mlango wa bati nyuma yake.