Bwawa Letu Halikutiwa Mafuta

Sijawahi kumpenda chura. Niseme mapema, asije mtu akadhani nilisimama bwawani kwa mapenzi. Nililelewa Bagamoyo mjini, kwenye sakafu ya saruji. Nilipoolewa Fukayosi, mama mkwe alicheka mpaka akakaa chini siku aliponiona nimetupa ndoo na kutimua mbio, kisa kijichura cha kijani, kidogo kama ukucha wa kidole gumba, kimenirukia mkononi.

"Hao ndio wenye maji, mwanangu," akaniambia. "Upande wanaokaa, chota. Wakiuhama, nawe uhame."

Ndivyo walivyofanya wanawake wote wa pale. Maji ya kunywa tulichota kwenye matete, walikojaa vyura. Upande uliokuwa kimya tulifulia nguo.

Miaka ya sabini, kijiji kilipokwisha kusogezwa barabarani, alikuja bwana afya kwa gari, na madebe mawili ya mafuta machafu ya injini. Nyumba yetu ndiyo ilikuwa jirani na bwawa. Nilimpa kata ya maji ya mtungini kabla hata ya kuulizana habari, kama ilivyo ada. Akanywa, akaomba ya pili. Kisha akatueleza kwamba atamwaga mafuta bwawa zima ili mbu wafe.

"Na vyura?" nikauliza.

Akacheka. "Dada, unataka vyura au unataka watoto?"

Damu ilinichemka. Mwanangu wa kwanza nilikuwa nimemzika masika yaliyopita, kwa homa hiyohiyo ya mbu, na huyu mgeni ananiuliza kama nataka watoto! Niliingia bwawani na nguo zangu, nikasimama katikati ya matete, maji kiunoni. Vyura walikuwa wakinirukia kila upande, nami sikutoka. Mama mkwe akaingia nyuma yangu, na majirani nao wakafuata.

"Mbu nawachukia kuliko unavyowachukia wewe," nikamwambia. "Vifuu na makopo yaliyojaa maji nyuma ya nyumba zetu tutavifukia leo hii, njoo utukague. Lakini hapa humwagi kitu."

"Mnapinga maendeleo."

"Tunapinga mafuta."

Akainua debe la kwanza, akafungua kifuniko. Harufu ikatufikia.

"Haya, mwaga," nikasema. "Ila maji uliyokunywa yametoka hapa niliposimama. Ukimaliza nitakuchotea kata ya tatu, na utainywa mbele yetu."

Aliyatazama maji, akatutazama sisi. Mwisho akalifunga debe, akalirudisha garini, akaondoka bila kuaga.

Tulifukia vifuu mpaka jua likaanza kuzama. Nilipokwenda kuchota maji ya usiku, kijichura kikanirukia mkononi. Nilipiga ukelele uleule wa siku ya kwanza, lakini ndoo sikuitupa.