Ukiona Msalaba, Usitoe Mkono

Niliporudi Kamina na diploma yangu ya informatika, mji mzima ulikuwa na kompyuta moja tu yenye mfumo wa Linux, nayo ilikuwa yangu. Niliipakia mfumo huo mwenyewe, disketi baada ya disketi, bila kuonyeshwa na mtu. Nayasema haya kwa sababu ni kweli.

Ilikuwa miaka ya vita. Treni ilikuja ilipopenda, na mafuta ya jenereta yaligombewa. Mchungaji aliyesimamia ofisi ya kanisa alinipa saa moja ya umeme kwa siku niwafundishe makarani. Saa nyingine zote wangejifunza kwenye karatasi, kwa hiyo alitaka kitabu cha masomo chenye picha za ekrani, yaani kioo cha kompyuta.

“Ijumaa comité itakaa,” aliniambia. “Kama picha haiko, mafuta itaenda ku moulin ya mahindi.” Comité ilikuwa kamati ya kanisa, na moulin ni mashine yake ya kusaga.

Shule yangu yote ilitegemea picha hiyo. Kwenye kinanda cha mashine nilimketisha karani mkuu, mzee tuliyemwita Papa, aliyepiga taipu tangu mimi sijazaliwa. Mimi nilikaa kwenye benchi nyuma yake, kitabu cha maelekezo mapajani, nikimtajia herufi za amri ya kupiga picha ya ekrani. Mwenye diploma hutaja, mwanafunzi huandika.

“X, W, D, Papa. Nafasi, kistari, O, U, T. Halafu jina la faili. Bonyeza Enter.”

Akabonyeza. Kimya.

“Ilikufa, Bwana Diplome.”

Nilipoinua macho, alikuwa ameshazima umeme. Mimi mwenyewe nilimfundisha hivyo: mashine ikigoma, zima. Ilipowashwa tena ilianza kukagua diski yake polepole, na saa yetu ikaishia hapo. Kesho yake, vilevile. Nilifungua kasha, nikapangusa kadi ya picha, nikakaza nyaya. Makarani wakaanza kuuliza kama diploma yangu nayo ilihitaji kukazwa.

Alhamisi nilisema, “Papa, leo hata ikifa, usizime.”

Akaandika, akabonyeza, kisha akaondoa mkono kwenye kipanya kama mtu aliyegusa sufuria ya moto. Safari hii niliinuka nikaenda kutazama. Mshale wa kipanya ulikuwa umegeuka alama ndogo ya msalaba.

“Papa, mbona unatoa mkono?”

“Weye haumuone? Musalaba njo huu! Uliniambia kila kitu mu mashine tunaipiga na kidole. Minyi, mutoto wa kanisa, nipige musalaba?”

Makarani wakacheka. Mimi sikucheka, kwani nilikuwa nimekwisha kuelewa. Mashine haikufa hata siku moja. Ilikuwa ikimngoja achague, kwa kubonyeza kipanya, dirisha lipi la ekrani lipigwe picha, naye alikuwa akiingoja kwa heshima. Na jambo hilo liliandikwa kwenye kitabu changu cha maelekezo, ukurasa ambao sikuufungua.

“Papa, huu si wa kanisa. Ni alama ya kulenga.”

“Kulenga? Kama basoda ya Base ya jeshi, na bunduki? Ile nayo sipige!”

Basi niliacha kujibu kama profesa. “Mashine iko inauliza, Papa. Inauliza: nichore dirisha gani?”

Akainamia ekrani. “Aa. Inauliza. Njo vile ungesema tangu mbele. Mutu akikuuliza, unamujibu.”

Akashika kipanya, akaweka msalaba katikati ya dirisha, akabonyeza. Mashine ikalia mara moja, halafu mara mbili, na faili likawepo. Nililigeuza liwe la kuchapika, nikalituma kwenye printa ya sindano, nayo ikapiga kelele hadi watu wa barabarani wakachungulia dirishani. Ekrani yetu ikatoka kwenye karatasi, mstari kwa mstari.

Ijumaa Mchungaji aliishika karatasi hiyo juu ya meza ya comité, akaigeuza nyuma kama anayetafuta waya. “Basi mahindi itatwangwa na mikono,” alisema, na mafuta yakabaki kwetu.

Makarani wote wa ofisi ile walisoma kwa kitabu changu. Maneno ni yangu, ila mstari wa kwanza juu ya picha ya kwanza aliuandika Papa kwa kalamu yake, nami sikuufuta: “Ukiona musalaba, usitoe mukono. Jibu.”