Debe Lisilopigwa

Mama hakuwahi kunifananisha na paka. Alisema paka angalau hutoka. Nilikuwa nimemaliza sekondari, nikisubiri majibu ya barua za kazi, na nilizisubiri nikiwa nimelala.

Basi ule mwaka wa mwisho kabla ya Uhuru, bonde letu la mpunga chini ya Chaani lilipotaka mtu wa kukaa penye mlango wa bwawa, jirani yetu, mama mmoja wa Kigiriama, alininyooshea kidole pale pale. "Mpeni huyu. Kukaa ndiko alikofuzu."

Zamani wazee walifungua bwawa wenyewe, mpunga ukianza kuona kiu. Kisha serikali ikatia kufuli. Mlango haufunguliwi ila kwa barua yenye mhuri wa ofisi ya maji, siku na saa zimeandikwa. Na maji yakishuka chini ya mstari mwekundu uliopakwa ukutani, hapafunguliwi tena mpaka mvua. Ufunguo alipewa rafiki yangu, tuliyekaa naye dawati moja miaka minne. Nilifurahi kana kwamba ufunguo umetiwa mfukoni mwangu mimi.

Kazi yangu ilikuwa debe. Kila mwenye jaruba la mpunga aliziba mdomo wake wa mferejini kwa tope. Mlango ukifunguliwa, debe hupigwa. Hapo ndipo watu hubandua tope, wa juu akanywesha mpunga wake, akaziba, wa chini naye apate. Kugusa tope kabla ya debe ni wizi, na mwizi wa maji hata salamu haitikiwi. Jaruba la mama, chakula chetu cha mwaka mzima, lilikuwa la tatu kutoka juu. La mwisho kabisa, kule penye mikoko, lilikuwa la mke wa rafiki yangu. Hilo lilizoea makombo.

Nilikaa siku mbili, debe magotini. Siku ya tatu asubuhi rafiki yangu akaja.

"Ah, sheikh, bado umeatamia? Litaangua lini hilo debe?"

"Barua je?"

"Haijaja. Wiki ijayo, inshallah. Nenda zako ukanywe chai."

"Wallahi?"

"Wallahi. Ikija nitakuja kukuamsha mwenyewe. Kitanda chako nakijua."

Tukacheka sana. Nikaenda. Mama alikuwa ameshatoka kwenda kondeni. Mbaazi na mahamri ameniachia, zimefunikwa kawa. Nikala, nikajinyoosha.

Adhuhuri mama akarudi, akasimama mlangoni na jembe lake.

"Maji yamepita," akasema.

"Yamepita wapi?"

"Mferejini. Nimeyaona kwa macho yangu, yapita mbele ya jaruba langu. Nikasimama na jembe. Nikasema, mwanangu yuko juu, atapiga sasa hivi." Akanitazama pale kitandani. "Nikangoja mpaka yakaisha."

Bonde zima lilingoja vile vile, majembe mkononi. Mdomo uliokuwa wazi ulikuwa mmoja tu, wa kule penye mikoko.

Nikamfuata rafiki yangu. Hakujificha.

"Barua ilikuja lini?"

"Jana."

"Na kiapo chako?"

"Sheria yasema nifungue saa nne, nifunge saa tano. Debe halimo. Soma basi, si wewe msomi?"

Nikaisoma barua. Mhuri ulikuwapo, saa zilikuwapo. Debe halimo, kweli.

Maji yalikuwa yameshuka chini ya mstari. Watu wakaambizana Uhuru ukija kufuli litatolewa, lakini mpunga haukuweza kungoja Uhuru. Ukakauka umesimama.

Wakati wa mavuno ikaletwa sahani ya wali mpya kutoka kwa rafiki yangu, kama ilivyo ada ya jirani. Mama hakuwapo. Nilifunua ninuse tu. Nikala mpaka punje ya mwisho, na wallahi ulikuwa mtamu.

Mama alipoiona sahani hakuuliza. Akaiosha, akaifuta, akanipa mikononi. Kwetu sahani ya watu hairudishwi tupu, hutiwa kitu, hata kama ni chumvi.

"Tutie nini, mama?"

"Hatutii kitu. Ipeleke wewe, uliyeshiba."

Nikatoka. Njia yote ya mferejini majirani walikuwa wanang'oa mpunga mkavu, wakaniona napita na sahani tupu. Yule mama wa Kigiriama aliinua kichwa. Nikangoja anitanie. Akainama, akaendelea kung'oa.