Kaka Yangu na Kiu ya Mama

Kaka yangu alirudi kutoka Thailand na shahada ya kilimo na mafundisho ya Buddha. Hakubadili dini. Jumapili aliendelea kwenda nasi kanisani na kuimba besi kama zamani. Lakini kila asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala juu ya shamba la viazi, alikaa sebuleni kwa mama pale Njombe amefumba macho, na mama alipita akinyata, akidhani mwanawe anaumwa.

Wakati huo mdogo wetu wa mwisho alikuwa amekwisha kufariki. Homa ya uti wa mgongo ilimchukua akiwa darasa la sita, kaka akiwa bado masomoni. Kwetu nguo za marehemu hugawiwa ndugu matanga yanapoanuliwa, ila mama alikataa zisiguswe, na wazee wakamwachia. Kila usiku alilala na sweta la kijani kifuani. Alilifuma mwenyewe, na mkono wa kushoto ulikuwa wa kijani kilichokoza zaidi, kwa sababu uzi wa kwanza ulimwishia.

Kaka alivumilia, kisha akaanza kumfundisha. Alimweleza kwa sauti ya chini kwamba mateso yana chanzo, na chanzo chenyewe ni kiu. Mtu ana kiu ya kutaka kile anachokipenda kibaki, na kwa kuwa hakuna kinachobaki, anaungua. Mama alimsikiliza huku anamenya viazi. Akauliza kama huyo Buddha alikuwa na mtoto. Kaka akajibu kwamba alikuwa naye, wa kiume, na alimwacha amelala akaenda kuutafuta ukweli. Mama akauliza kama mtoto alilia alipoamka. Kaka hakujua.

Nilikuwepo siku hiyo. Mimi nashona nguo Makambako, na nilikuwa nimekuja kumjulia mama hali. Kaka alisogeza kigoda karibu naye akasema, "Mama, kinachokuumiza si kifo chake. Ni wewe kumshikilia."

Mkono wa mama ulisimama ndani ya maji, kisha ukaendelea kumenya.

Wiki hiyohiyo, mama akiwa kwenye kikao cha wanawake kanisani, kaka alizitia nguo zote za mdogo wetu kwenye kiroba, akazipeleka Makambako na kumpa bure muuza mitumba. Akitoka huko alipitia kwangu, akanywa chai, akasifia cherehani yangu mpya. Hakunigusia lolote.

Mama alizitafuta chini ya godoro, darini, mpaka kwenye banda la kuni. Kaka alipofika alimwambia wazi alichokifanya. Alisema itamuuma siku chache, halafu atakuwa huru. Jirani aliyekuwepo alinisimulia kwamba mama hakulia. Alikaa chini pale pale uani, na jua likazama akiwa amekaa.

Miezi ilipita. Mama akaja Makambako kutibiwa macho, kaka ndiye aliyemleta kwa gari. Tulikuwa tunatembea mimi na mama kando ya soko, upepo unatupiga mavumbi, aliposimama ghafla. Mbele yetu alikuwepo mtoto wa kike amevaa sweta la kijani. Mkono mmoja ulikuwa umekoza.

Nilimwita mama, hakugeuka. Alimfikia yule mtoto, akaushika ule mkono wa sweta na kuupeleka puani. Mtoto akapiga ukelele. Mama yake aliacha vitunguu vyake akaja mbio, na mtu mmoja nyuma yetu akasema huyu ni mwizi wa watoto. Watu walituzunguka. Mama alipigwa kofi, kitenge chake kikaanguka, kikakanyagwa. Nilijaribu kueleza kwamba ni mama yangu, kwamba amefiwa. Hakuna aliyenisikia.

Kaka alikuja kutoka kwenye gari. Hakukimbia. Aliinua mikono na kusema kwa utulivu uleule wa asubuhi zake sebuleni, "Tusameheni, ndugu zangu. Mama yetu hana akili timamu."

Watu wakatupisha mara moja. Aliyempiga mama aliokota kitenge, akakikung'uta na kumfunika mabegani, akimwonea huruma. Maneno ya kaka ndiyo yaliyomwokoa, na mama aliyasikia yote.

Njiani kurudi Njombe kaka alisema, "Unaona sasa, mama, kiu inatufikisha wapi." Mama alikuwa anaitazama miti ya misindano inavyopita dirishani.

Tangu siku hiyo mama hajamwita kaka "mwanangu". Akija nyumbani humpokea vizuri: "Karibu, mgeni." Humtengea kiti cha wageni, humnawisha mikono, humpa kipande kizuri cha nyama na kumuuliza habari za safari. Mwanzoni kaka alidhani ni hasira itakayopita. Krismasi moja alipiga magoti jikoni akamwomba msamaha, machozi yanamtoka. Mama alikuwa anachochea moto.

"Mgeni hana kosa," alisema. "Inuka, utachafua suruali."

Kaka alikisahau kitabu chake kwangu, kile cha mafundisho. Nilikisoma polepole kwa msaada wa kamusi, wateja wakipungua. Humo nilikuta kiu nyingine ambayo hakuwahi kumfundisha mama: kiu ya kutaka kitu kinachokusumbua kisiwepo kabisa. Nikamwona kaka yangu vizuri. Hakumzika mdogo wetu. Alirudi akakuta kilio ambacho hakukipitia tangu mwanzo, hakuweza kuishi nacho nyumba moja, akakitia kwenye kiroba. Nilimrudishia kitabu nikamwonyesha ukurasa. Alisema anaujua.

Siku hizi anafanya kazi Songea. Hunipigia simu mara kwa mara, ananiuliza kuhusu mvua, viazi na macho ya mama. Mwishoni, sauti ikiwa imeshuka, huuliza kama mama amemtaja.

Ningeweza kumdanganya, asingejua. Namwambia hajamtaja.