Meno ya Kahawia Hayafungi Kizazi

Siku yangu ya kwanza kazini niling'atwa kidole na mzee mmoja wa Bonga aliyekuja kung'olewa gego. Mganga Mfawidhi, yaani mkuu wa kituo, alikuwa amenionyesha kiti, taa na sinia la vyombo, akaniambia, "Binti, kazi yako ni kushika kichwa na kutoa pole. Ukimaliza hapo, osha vyombo." Mimi nikashika mdomo badala ya kichwa. Mzee akafunga taya. Pole niliyopaswa kuitoa nikapewa mimi.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne kwa matokeo ambayo mama yangu aliyaita "ya kutosha", na mama yangu alikuwa mtu mpole. Kazi ya meno sikuiomba kwa kuipenda. Niliiomba kwa sababu kituo kilikuwa karibu na nyumbani, nami ni mtu wa nyumbani. Nikilala ugenini naamka na mafua. Wenzangu walipangiwa Kiteto, wengine Simanjiro ndani kabisa, wakarudi na hadithi za simba. Mimi nilihamishwa kutoka Bonga kwenda Sigino, kutoka Sigino kuja mjini Babati, na kote huko jioni nilirudi kupika kwenye jiko langu. Marehemu mume wangu alikuwa akiwaambia wageni, "Huyu amezunguka nchi nzima, ilimradi nchi iishie Sigino."

Nyinyi mnaoingia kazini leo mmekuta vyombo vya kutumia mara moja na kutupa. Sisi tulichemsha. Koleo za kung'olea zilikuwa na maumbo yake, ya meno ya juu mbali na ya chini, na msaidizi aliyempa tabibu koleo isiyo ya jino lile alitazamwa tu, akajua. Ganzi ilichomwa pembeni ya jino, tukasubiri mpaka mgonjwa aseme mdomo umekuwa mnene. Halafu kulikuwa na ukoga, ule utando laini unaobaki kwenye meno usiposugua. Ukiuacha unakauka, unashika chini ya fizi kama saruji, na fizi inaanza kutoa damu na usaha. Tabibu wa Sigino, mwanamama mkali aliyekuwa bosi wangu wa pili, alikuwa akiwauliza wagonjwa, "Ungekuwa na kidonda hiki mguuni, ungetembea miaka mingapi bila kukifunga?" Wanacheka. Wanalipia kung'olewa, wanaondoka na kidonda chao.

Lakini sikukaa kuandika ili nisifie koleo. Naandika kwa sababu nina hasira. Wenzangu walistaafu na kiinua mgongo. Mimi nilistaafu na kiinua mgongo na hasira.

Ilianzia hapa mjini, chini ya bosi wangu wa mwisho, Daktari wa Meno. Alikuwa mtu wa sauti ya chini, anayeongea kana kwamba kuna mtoto amelala chumba cha pili. Asubuhi moja alikwenda kliniki ya mama na mtoto kuzungumza na kina mama, nami nikambebea mfano wa taya. Aliwaambia hivi: fizi zenye ugonjwa hazikai na ugonjwa wake mdomoni tu, kwa sababu uvimbe ule na vijidudu vyake vinaingia kwenye damu. Wachunguzi wameona kwamba wanawake wenye fizi mbovu wakati mwingine huchelewa kushika mimba, na wanaume wenye fizi mbovu mara nyingine mbegu zao huonekana dhaifu. "Sisemi fizi ndiyo sababu," alisema. "Sababu za kukosa mtoto ni nyingi. Nasema hivi viwili vimeonekana vikitembea pamoja. Kwa hiyo wanaotafuta mtoto waje tuwaangalie vinywa, mke na mume. Nimesema mke na nani?"

"Na mume!" wakaitikia wote, kwa furaha kabisa.

Yale maneno yalipofika sokoni, mume alikuwa ameshadondoka njiani. Yakabaki "meno mabovu yanafunga kizazi". Na hapa kwetu, jamani, nani anaambiwa ana meno mabovu? Si mwenye meno ya kahawia? Nusu ya watu waliokulia upande wa Hanang, wilaya ya jirani, wana meno ya rangi hiyo. Ni maji. Yana floraidi nyingi, na mtoto akiyanywa wakati meno yake yanajijenga, rangi inaingia ndani ya jino na haitoki. Yakizidi sana hulidhoofisha jino, lakini wengi wanabaki na rangi tu, na meno magumu ya kuvunjia mfupa.

Basi siku moja akaingia Mama Edgar, mwenye duka la vifaa vya ujenzi karibu na stendi. Familia yao ilikuja Babati kibiashara kutoka mkoa mwingine, na meno yao wote yalikuwa meupe. Alikuwa amemshika mkono mke wa mwanawe, binti wa Hanang aitwaye Paskalina, ambaye aliweka kiganja mdomoni tangu mlangoni.

"Daktari, nimemleta huyu," alisema Mama Edgar. "Mwaka wa tatu huu yuko kwangu, anakula, analala, hakuna kitu. Kumbe tatizo liko mdomoni! Paskalina, fungua waone."

Paskalina akafungua. Nikamulika. Meno yalikuwa ya rangi ya chai kavu, hayana tundu, hayatikisiki, na fizi zimeyakumbatia vizuri. Miaka yote ya kazi nilikuwa sijaona vinywa vingi vizima kama kile. Changu mwenyewe kina mapengo ambayo ningeyaficha kama ningekuwa na haya.

"Huyu ni mzima," alisema Daktari. "Hiyo ni rangi ya maji ya kwao."

"Si mlisema wenyewe kliniki? Jirani yangu alikuwepo!"

"Nilisema ugonjwa wa fizi, mama. Fizi zake hazina ugonjwa. Na nilisema waje wawili."

"Ng'oa haya manne ya mbele, aweke meupe. Gharama ni yangu. Akifika Krismasi bila kitu, mimi namrudisha kwao, nisilaumiwe na mtu."

"Jino zima siling'oi. Mlete Edgar."

"Edgar?" Mama Edgar alicheka mpaka bangili zikalia. "Edgar ana meno kama maziwa!"

"Nitafurahi kuyaona," alisema Daktari.

Wakati mama mkwe anatafuta mkoba wake nilimwinamia Paskalina nikamwuliza, "Na wewe mwenyewe unataka nini, mwanangu?"

Akanong'ona, "Nataka nikae kwangu, mama. Nimemzoea mume wangu."

Edgar alikuja baada ya siku chache, ananukia manukato toka getini. "Mambo, mama," alinisalimu. Nina umri wa kumzaa. Ile shikamoo naisubiri hadi leo.

Alikaa kwenye kiti, akatabasamu, na kweli, kwa mbele yalikuwa maziwa. Daktari akageuza kioo kidogo kutazama nyuma ya meno. Kule kulikuwa na ukoga uliokauka, umejengeka kama ukuta. Akachukua kipimo cha fizi, kijiti chembamba chenye alama, ambacho kwenye fizi nzima huzama kidogo tu. Kwa Edgar kilizama kana kwamba kinatafuta njia ya kwenda shingoni. Damu ikafuata, na usaha, na harufu iliyoyashinda manukato.

"Ukipiga mswaki unatema damu?" Daktari aliuliza.

"Kidogo. Si kila mtu?"

"Si kila mtu. Bwana Edgar, hiki ndicho kinywa cha kutibu. Tutakusafisha chini ya fizi kwa awamu. Siwezi kukuahidi kwamba hilo litaleta mtoto. Nakuahidi litakuachia meno. Halafu nendeni wewe na mkeo mkapimwe uzazi, wote wawili."

Edgar akaketi wima. "Nipimwe mimi? Nipimwe nini? Daktari, mimi ni mwanamume mzima."

"Uzima huo umeujaza kwenye beseni langu, baba," nikasema, maana kulisafisha lile beseni ilikuwa kazi yangu.

"Huyu mama ni nani hapa?"

"Ni mshika kichwa," nilimjibu. "Chako kinanishinda."

Daktari alinitazama kwa jicho la kuninyamazisha, nami nikalibeba beseni kwenda kuliosha. Edgar akafuta mdomo, akaahidi kurudi. Hakurudi. Daktari alipiga simu, Edgar akasema yuko safarini. Akapiga tena, safari haijaisha. Na duka lao unaliona ukisimama mlangoni kwetu, naye amekaa pale anauza misumari.

Paskalina ndiye aliyerudi. Alikuja peke yake, shavu limefungwa kanga, hawezi kumeza mate. Mama Edgar alikuwa amempeleka mnadani, kwenye lile soko la wazi, kwa mtu mwenye koleo na chupa ya maji ya chumvi. Meno manne ya mbele, mazima, yametoka, na moja limekatikia ndani likaacha mzizi. Walimwambia akivumilia atawekewa meupe na mtoto atakuja.

Daktari alichoma ganzi, akautoa mzizi. Mimi nilishika kichwa. Ile pole ya kazi yangu yote haikutoka mdomoni. Ningeitoa, ningeitoa na matusi. Tulimwandikia dawa, tukampeleka kwa ustawi wa jamii, na nje pale kwenye benchi nikamwuliza kwa nini alikubali.

"Mama, walisema nichague meno au nyumba," alisema. Maneno yalimtoka kwa upepo, kwa lile pengo. "Nikaona nyumba ni kubwa kuliko meno."

Krismasi hakuiona kwenye hiyo nyumba. Mama Edgar alimrudisha kwao, na sababu aliyoitoa mbele ya watu ni kwamba mwanawe hawezi kukaa na mwanamke mwenye mapengo. Nililisikia hilo nikiwa namenya ndizi, nikaacha kumenya. Nyinyi mnaonisoma, mmewahi kukasirika hadi mkono ukasahau kazi? Aliyeyatoa meno ndiye anayelalamikia pengo! Na yule mwenye usaha, ambaye hakuna aliyewahi kumpima chochote, akatafutiwa mke mwingine.

Baadaye, kidonda kilipopona, Paskalina alipanda basi kutoka kwao akaja kwetu kutengenezewa meno ya bandia. Fundi wa meno alileta kibao chake cha rangi, chenye vijino vya mfano kuanzia vyeupe kabisa kwenda vyenye umanjano. Alianzia upande mweupe, kama wote wanavyotaka. "Chagua, dada. Hili litakung'arisha."

Paskalina alikitazama kibao chote, akakigeuza. "Hakuna ya rangi yangu?"

"Yako ya kahawia?" fundi akashangaa. "Watu wanakuja hapa kuikimbia hiyo."

"Nataka yafanane na yangu yaliyobaki," alisema Paskalina. "Mimi ni wa Hanang."

Fundi alikuna kichwa. Akachukua la mwisho kabisa kwenye kibao, akakaa nalo siku kadhaa na rangi zake. Hayakufanana sawasawa, lakini alipotabasamu hukuona mpaka.

Sasa nimestaafu. Mtu wa nyumbani kama mimi ningepaswa kuwa nimefurahi, nimekaa na redio yangu na kuku wangu. Badala yake wananiita kwenye kitchen party kumfunda bwana harusi asiyekuwepo, maana bibi harusi peke yake ndiye huwekwa kwenye kiti. Anaambiwa anukie, anyamaze, azae. Ikifika zamu yangu namwambia: mwanangu, kabla ya mimba katibiwe meno na fizi, usidanganywe kwamba kila mtoto lazima aondoke na jino lako. Na mwenzako aje naye afungue mdomo. Akigoma kufungua kwa daktari wa meno, ujue maabara kupimwa uzazi hatakwenda, na lawama zote utazibeba wewe. Wanapiga vigelegele. Wanadhani ni utani, kwa kuwa mimi huchekesha.

Halafu nawasimulia habari ya Paskalina, bila jina lake la kweli, na kila mara, kila ukumbi, yupo wa kuuliza kwa hamu, "Halafu mama, alikuja kuzaa?"

Hakuna aliyewahi kuuliza kama Edgar alisafisha fizi. Hakuna aliyeuliza kama mtu wa mnadani bado anang'oa. Wanataka mtoto atokee mwishoni, ndipo wajue kama yule binti alikuwa na haki ya kubaki na meno yake.

Siwajibu. Nawaambia tu kwamba nilikwenda kumtembelea, mimi nisiyelala ugenini, na jioni tukachoma mahindi. Mimi nililing'ata la kwangu kwa mapengo yangu ya uzee. Yeye aliyatoa yale meno ya bandia akayafunga kwenye kitambaa, akalipukuchua hindi lake kwa kidole gumba, akajaza kiganja, akala punje kwa magego. Umri wake ni wa binti zenu.