Taya la Ng'ombe wa Mama

Kuhusu siku uvimbe ulipoanza, kila mtu pale nyumbani ana maelezo yake. Mama anasema ulianza baada ya mvua za vuli. Baba mdogo anasema aliuona tangu kiangazi, akanyamaza ili asionekane mtu wa tamaa. Mimi nilikuwa namkatia yule ng'ombe majani kila asubuhi na sikuona kitu, kwa hiyo sistahili kuamua nani mkweli. Naanzia pale tulipokubaliana wote: ng'ombe wa mama alikuwa na kitu kigumu kwenye taya la kushoto, kikubwa kama limau, na alikuwa na mimba.

Ni ng'ombe wa bandani. Huku kwetu juu, Upareni, hakuna pa kuchungia. Ukimfungulia ng'ombe asubuhi, kabla ya mchana yuko kwenye tangawizi ya jirani, na wewe uko kwa mwenyekiti wa kitongoji unajieleza. Tangu baba afariki, maziwa ya ng'ombe huyo ndiyo yanayomfanya mama asimwombe mtu chumvi. Sisi watoto wake tupo, na huwa tunamsaidia. Mama mwenyewe hutusifu mbele za watu kanisani: "Wanangu wananitunza sana, wakikumbuka."

Wa kwanza kuitwa alikuwa bwana mifugo wa kata. Alikuja na pikipiki, akabonyeza taya, akasema ni jipu, akachoma sindano. Jipu lingepasuka lenyewe, alisema. Halikupasuka. Akarudi, akabonyeza tena, akasema mwiba umeingia kwenye fizi na mfupa umeota juu yake, akachoma sindano ileile. Nisimwonee. Mtu yule ana vijiji vingi vya kuzungukia na pikipiki moja, ambayo siku hizo nayo ilikuwa mgonjwa. Mara ya tatu alibonyeza, akanawa mikono, akasema, "Mama, hiki kitu sikijui."

Mama alimheshimu kuanzia siku ile. Alimpa mkungu wa ndizi. Mara mbili za mwanzo, alipokuwa anajua, hakupewa kitu.

Baba mdogo hakuhitaji kubonyeza. Alisimama mlangoni mwa banda na fimbo yake.

"Shemeji, ugonjwa wa huyu ng'ombe mimi naujua. Unaitwa kuchelewa kuchinja."

"Ana ndama tumboni," mama akasema.

"Ndama naye ni nyama."

"Wewe shemeji, meno yenyewe umebakiza mawili, unaharakia nini?"

"Supu inataka meno tangu lini?"

Kwa haki lazima nieleze jambo moja. Katika ukoo wetu, ng'ombe akichinjwa, kichwa hupelekwa kwa mkubwa wa ukoo, na mkubwa aliyebaki ni baba mdogo. Uvimbe ulikuwa kichwani. Kwa hiyo alipokuwa analikagua lile taya kila Jumapili akitoka ibadani, hakuwa mtu wa umbea. Alikuwa anakagua fungu lake linavyoharibika.

Sasa bwana mifugo alikuwa amepiga picha kwa simu, na picha ikapanda ngazi ambazo sisi hatuzijui, mpaka ikamfikia daktari mmoja mwanamke, mtafiti, anayefuatilia uvimbe wa wanyama na wa watu milimani. Akaja mwenyewe siku ya Ijumaa. Gari lake lilinasa kwenye tope chini ya kanisa, akapanda kwa miguu na viatu mkononi. Alimwamkia mama shikamoo kabla hata hajamtazama ng'ombe, na kwa hilo tu mama alikwishaamua kwamba ni daktari mzuri.

Alitueleza vizuri, nami najaribu kueleza kama nilivyomwelewa, darasa la saba langu likiniruhusu. Kwa nje uvimbe unafanana kama magunia sokoni Hedaru: huwezi kujua la mpunga na la mahindi mpaka ulitoboe. Mwingi ni wa kawaida, watu wanaujua. Lakini ipo aina ya nadra, ambayo daktari anaweza kufanya kazi mpaka astaafu asikutane nayo, na siku akikutana nayo haitambui kwa sababu hajawahi kuiona. Kwa hiyo inabidi kukata kipande na kukitazama kwa darubini.

"Na ukiwa mbaya?" mama akauliza.

"Ukiwa mbaya, mama, tutashauri achinjwe mapema asiteseke. Ukiwa wa kawaida, atazaa na kuendelea."

Baada ya hapo mama hakuuliza tena. Alichotaka kujua kilikuwa hicho.

Daktari akatia ganzi, akakata kipande cha ukubwa wa kidole gumba, akakitumbukiza kwenye chupa ya dawa ya maji. Kisha likaja suala la njia. Yeye alikuwa anaendelea na pikipiki ya bwana mifugo vijiji vya mbele, na chupa ingeweza kupasuka. Akamwachia mama mpaka Jumatatu. Maneno yake nayakumbuka, nilikuwepo: "Mama, nakuomba unihifadhie vizuri. Kisiharibike. Ndicho kitakachotuambia." Mama akaipokea chupa kwa mikono miwili. Jioni ileile mimi nikashuka Kihurio na kwaya, kwa hiyo yaliyofuata jikoni sikuyaona.

Jumatatu chupa ilichukuliwa, tukaanza kusubiri.

Majibu hayakuja. Kilichokuja ni simu. Daktari alikuwa anaongea haraka, na mimi nilikuwa nasikia nusu kwa sababu mtandao wetu uko kwenye jiwe moja tu nyuma ya choo. Kipande kilikuwa kimetazamwa na mtaalamu wa kwanza, akasema ni uvimbe wa seli za rangi, zile zinazoipa ngozi weusi wake. Wa pili akasema hapana, seli za rangi hazinyauki namna ile. Wa tatu akasema hajawahi kuona kitu kama hicho kwa ng'ombe, wala kwa mbuzi, wala kwa binadamu. Ndani yake mlikuwa na chembechembe za kahawia ambazo hazikutakiwa kuwemo.

"Ni habari njema au mbaya?" nikauliza.

"Kisayansi ni nzuri sana," akasema.

Nilishuka kutoka kwenye jiwe nikamwambia mama kwamba ng'ombe wake huenda ni wa kwanza duniani. Mama akaendelea kuchambua maharage. "Mimi naomba awe wa kawaida," akasema.

Wakaja na magari mawili. Safari hii daktari alikuwa na maprofesa wawili, watu wazima, wenye adabu, na waliochafuka tope mpaka magotini sawasawa na mtu mwingine yeyote. Walimzunguka ng'ombe bandani. Yeye alikuwa anatafuna majani yake na tumbo limeshuka, karibu kuzaa.

"Kwa heshima zote, Profesa," alisema mmoja, "mimi bado naiona ni seli ya rangi."

"Kwa heshima zote, Profesa, unaiona kwa sababu unaipenda."

Daktari alisimama katikati yao kama mtoto ambaye wazazi wanagombana mbele ya wageni. Hatimaye walikaa kwenye benchi uani, wakamweleza mama walichokuja kuomba. Kipande kimoja hakitoshi. Walihitaji ng'ombe mzima: achinjwe chini ya usimamizi wao, viungo vyote vichunguzwe, na kichwa kiende maabara. Mama angepewa mtamba, ng'ombe jike wa mimba ya kwanza. Na nyama isingeliwa, kwa usalama.

Baba mdogo, aliyekuwa amekubaliana na sayansi tangu neno "achinjwe", hapo aliinua fimbo.

"Wataalamu, karibuni sana. Hilo la kuchinja mmenena. Lakini kichwa kina mwenyewe."

"Mzee wangu, uvimbe uko kwenye kichwa."

"Ndiyo. Na kichwa kiko kwenye mila."

"Tunaweza kukupatia kichwa kingine, mzee, kizima kabisa."

"Cha ng'ombe gani? Ananijua mimi?"

Profesa akaandika kitu. Sijui aliandika nini. Pengine ilikuwa na maana. Muda wote huo mama alikuwa anaangalia bandani. Kisha akauliza swali moja.

"Huyo mtamba mtakayenipa, mna uhakika yeye haumwi?"

Maprofesa wakatazamana. "Mama," alisema wa kwanza, "uhakika ni neno kubwa. Kwa macho, atakuwa mzima."

"Huyu naye kwa macho anakula."

Mama akasimama, akasema atatoa jibu baada ya chakula, maana hata kesi ya ardhi haiamuliwi na watu wenye njaa. Naijua sura ya mama. Alikuwa anakwenda kukubali. Wageni walikuwa wengi, walikuwa wamesoma, walikuwa wameharibu viatu vyao kwa ajili yake, na kwake mambo hayo matatu yakikutana hana nguvu ya kukataa. Aliingia jikoni kupakua makande, na daktari, kwa kuwa amelelewa, akamfuata kusaidia. Mimi nilikuwa mlangoni na sahani.

Jiko letu ni la mafiga, na juu yake pana dari la fito ambako huwekwa mahindi ya mbegu, yakae kwenye moshi yasitobolewe na wadudu. Nyama ya sikukuu ikibaki hutundikwa hapohapo kwa waya. Daktari alipoinuka na sufuria, kichwa chake kikagusa kitu kidogo, cheusi, kikavu, kinaning'inia.

"Samahani, mama. Hiki ni nini?"

"Si ni kile kipande chako."

"Kipande changu kiko maabara, mama."

"Kilichoko huko ni nusu. Hiyo nusu nikakuwekea. Nyie watu wa ofisi mnapoteza vitu."

Daktari aliweka sufuria chini taratibu sana. Mama akaeleza, bila wasiwasi, kama mtu anayeeleza kazi aliyoimaliza vizuri. Ijumaa ile jioni alifungua chupa kuhakikisha usalama wa mzigo. Harufu iliyotoka ilimchoma pua mpaka akatoa machozi. Akajua dawa imechacha na kipande kimeanza kuoza, na yeye aliambiwa kisiharibike. Kwa hiyo akakitoa, akakiosha kwa maji ya moto, akakipaka chumvi, akakitundika juu ya moshi. Dawa ya watu hakuimwaga. Aliifunika akaipandisha juu ya kabati. Jumatatu alfajiri kilikuwa kimeshakauka vizuri. Akakata nusu, akairudisha kwenye dawa yake, maana ndivyo alivyokabidhiwa.

Daktari akauliza kwa sauti ndogo, "Mama, uliwasha kuni gani?"

"Za mgrevilea. Mbona?"

Akakaa kwenye kigoda. Nilidhani analia, lakini mabega yalikuwa yanacheka. Kisha nadhani alilia kidogo pia, sina hakika, jikoni mlikuwa na moshi. "Nilikiona kimekuwa cheusi," akasema. "Nikaandika: uvimbe wenye rangi ya asili."

Mama ndipo akaelewa kwamba kuna kitu hakikwenda sawa. "Mngeniambia," alisema, "kwamba ile dawa hunuka hata ikiwa nzima."

"Ni kweli, mama. Sikukwambia."

Nimewaza sana ni nani wa kulaumiwa hapo, na sijapata. Mmoja alisema hifadhi, mwingine akahifadhi. Mimi ningekuwepo ningemshikia waya.

Daktari alitoka uani akawaambia maprofesa. Walikuwa wameshaanza makande. Mmoja alitafuna mpaka akameza, akasema, "Nilisema tangu mwanzo ile kahawia si ya mwili."

"Ulisema saa ngapi, Profesa?"

"Niliwaza."

Yule mwingine, na hili namsifu, aliweka kijiko chini, akamwomba mama radhi kwa usumbufu. Kisha akauliza kama anaweza kuondoka na ile nusu iliyobaki jikoni. Mama akamfungia kwenye jani la mgomba, pamoja na magimbi, kwa kuwa mgeni haondoki mikono mitupu.

Habari za kuchinja hazikutajwa tena siku ile. Daktari alikata kipande kipya, akashuka nacho mwenyewe ameikumbatia chupa kifuani, hata bwana mifugo hakuruhusiwa kuishika.

Ng'ombe alizaa kabla ya majibu. Ndama jike, mwenye doa jeupe, na taya lake ni safi pande zote mbili. Nililibonyeza mwenyewe, japo kubonyeza kwangu hakuna thamani.

Majibu yalipokuja, nilimsomea mama uani. Yalisema kipande safari hii kimehifadhiwa vizuri sana, na kwamba asili ya uvimbe haikuweza kuthibitika. Huenda ni wa aina moja isiyo na madhara, huenda ni wa aina nyingine ya nadra inayofanana nayo, na wataalamu wenyewe walitofautiana. Ilishauriwa mnyama asichinjwe kwa sasa, aendelee kuangaliwa kwa ukaribu.

"Niendelee kumwangalia?" mama akauliza.

"Ndivyo walivyoandika."

"Kwani nilikuwa nafanya nini?"

Hata hivyo alifurahi. Alikamua, akachemsha maziwa, akapeleka kikombe kwa baba mdogo, aliyepokea kama mtu aliyelipwa kidogo kuliko alichodai.

Daktari hupanda bado, kila akipata safari ya huku. Hupima taya kwa uzi, akatuambia kama limeongezeka, na mara nyingi hasemi kwa hakika. Mara ya mwisho mama alimshikia kamba ya ng'ombe, akamwambia asiwe na wasiwasi: siku ng'ombe akifa mwenyewe kwa uzee, kichwa ni chake, akichukue akasome mpaka achoke.

"Nimeshaongea na shemeji," mama akasema.

Baba mdogo alikuwa mlangoni mwa banda, na kikombe chake cha maziwa mkononi.

"Hatujaongea," akasema.